Nguvu si Ubora: Istilahi za Upokeaji wa Televisheni kwa Antena

Hivi karibuni ililetwa ofisini kwetu karatasi ya maelezo yenye kurasa mbili ili tuzikague istilahi zake. Karatasi hiyo ilikuwa imefasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya watu wanaopokea matangazo ya televisheni kwa antena ya juu ya paa, nayo ilikusudiwa kumwongoza mwenye nyumba pindi picha inapoharibika. Kiswahili chake kilikuwa chepesi, na sarufi yake haikuwa na dosari ya kutajika. Lakini pamoja nayo iliambatishwa barua ya mwalimu mmoja wa shule ya sekondari aliyeitumia, na barua hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya.

Mwalimu alieleza kwamba nyumba yake iko mahali ambapo mnara wa kurushia matangazo huonekana kwa macho, na hata hivyo picha ya televisheni yake ilikuwa ikikatikakatika kila jioni. Alipofungua ukurasa wa vipimo katika king'amuzi aliona mistari miwili: mmoja umejaa karibu wote, wa pili umefika robo tu. Akarejea kwenye karatasi ya maelezo. Humo alikuta mistari yote miwili imeitwa "kiwango cha mawimbi", na chini yake pameandikwa kwamba kiwango cha mawimbi kikiwa hafifu, mwenye nyumba aongeze kifaa cha kukuza mawimbi. Akanunua kifaa hicho, ambacho madukani huitwa busta. Siku alipokifunga, picha ikatoweka kabisa. Fundi aliyeitwa baadaye aliondoa busta, akakata ncha ya waya iliyokuwa imeingia kutu pale inapoungana na antena, akafunga kiungio kipya, na picha ikarudi. Mwalimu akatuuliza: ni yeye aliyekosea kusoma, au ni karatasi iliyokosea kusema?

Jibu letu ni kwamba mwalimu alisoma sawasawa. Lugha iliyofasiriwa ilikuwa na majina mawili kwa mistari ile miwili, kwa kuwa inapima mambo mawili yaliyo tofauti. Mfasiri aliyapa jina moja. Hapo ndipo fedha ya mwalimu ilipopotelea, wala si kwenye paa la nyumba yake. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi picha inavyofika nyumbani na jinsi inavyoharibika, na kwa kila hatua kupendekeza neno litakalomwezesha msomaji kutofautisha ugonjwa mmoja na mwingine. Kutafuta hitilafu ni kazi ya kutofautisha, na mtu hawezi kutofautisha vitu asivyokuwa na majina yake.

Msamiati wa zama mbili

Televisheni haikufika pamoja katika nchi zetu. Kenya ilianza matangazo mwaka 1962. Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena kwa picha za rangi. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Matangazo yote hayo yalikuwa ya analojia, yaani picha ilisafirishwa kwa mawimbi yaliyobadilika mfululizo kufuata mwangaza wa picha yenyewe. Mwaka 2006 nchi nyingi zilikubaliana mjini Geneva kuhamia kwenye utangazaji wa dijitali, ambao husafirisha picha ikiwa tarakimu, na tarehe 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa kikomo. Dar es Salaam ilizima mitambo yake ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata kwa zamu. Kenya ilizima yake mwaka 2015.

Mitambo ya zamani ilizimwa, lakini maneno yake hayakuzimwa. Mfano ulio wazi ni neno "chenga". Kila mtu aliyetazama televisheni ya analojia anazijua chenga: vidoa vyeupe na vyeusi vilivyotapakaa kiooni na kuchezacheza kama chenga za mchele zinazopepetwa kwenye ungo. Ni neno zuri mno, ambalo watu wenyewe walilitoa jikoni wakalipeleka sebuleni bila kusubiri baraza lolote. Chenga zilimwambia mtazamaji jambo moja, kwamba mawimbi yanayofika ni dhaifu. Kadiri yalivyozidi kudhoofika ndivyo chenga zilivyozidi, mpaka picha ikafunikwa.

Kulikuwa pia na "kivuli". Mtangazaji alionekana yeye, na pembeni yake akaonekana tena kwa sura hafifu, kana kwamba amesimama na pacha wake. Sababu yake ilikuwa mawimbi kufika kwa njia mbili: moja kwa moja kutoka mnarani, na mara ya pili baada ya kugonga jengo au kilima na kuchelewa kidogo.

Katika utangazaji wa dijitali hakuna chenga wala kivuli. Hata hivyo watu bado husema "televisheni yangu ina chenga" wanapoona picha imegawanyika vipande vya mraba, au imesimama ghafla mdomo wa mtangazaji ukiwa wazi. Mtumishi anayepokea malalamiko hayo kwa simu huandika "chenga" katika daftari, na fundi anayesoma daftari hilo hajui ameitiwa nini. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba neno "chenga" libaki na maana yake ya analojia, na kwa hali za sasa yatumike maneno matatu. La kwanza ni "vigae", kwa picha iliyogawanyika miraba, maana hivyo ndivyo inavyoonekana. La pili ni "kuganda", ambalo watu wanalitumia tayari, kwa picha inayosimama bila kusogea. La tatu ni "kukatika", kwa picha na sauti zinazotoweka kisha zikarudi.

Mawimbi na ishara

Tukirejea kwenye mistari miwili ya mwalimu, hapana budi kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo hutumiwa kama kwamba ni moja: "mawimbi" na "ishara". Mawimbi ni ile nishati inayotoka mnarani na kusambaa angani. Ishara ni ujumbe uliobebwa na mawimbi hayo, yaani picha na sauti zilizogeuzwa kuwa tarakimu. Mtu akipiga ngoma kijijini, mshindo unaosikika bondeni ni kama mawimbi. Habari ya msiba au ya mkutano inayotambulika katika mapigo yake ni kama ishara. Mshindo waweza kuwa mkubwa na habari isitambulike, kwa sababu ngoma nyingine tatu zinapigwa wakati ule ule.

Kutokana na tofauti hiyo tunapata majina ya mistari miwili bila taabu. Mstari wa kwanza hupima "nguvu ya mawimbi", yaani ni nishati kiasi gani imefika kwenye king'amuzi, iwe ni nishati ya ujumbe au ya takataka nyingine. Mstari wa pili hupima "ubora wa ishara", yaani ujumbe umefika ukiwa salama kwa kiasi gani. Mfasiri akiyashika majina haya mawili, na asiyabadilishe katika ukurasa mmoja kwa ajili ya kupamba lugha, atakuwa amefanya nusu ya kazi ya fundi.

Takataka tulizozitaja zinahitaji jina pia. Wahandisi huziita "kelele", hata kama hazisikiki masikioni. Taa za umeme zilizotengenezwa kwa gharama ndogo, mota za mashine, plagi za pikipiki zinazopita barabarani, na vifaa vya kuchajia simu, vyote vyaweza kumwaga kelele za namna hiyo. Wako wanaoona kwamba neno "kelele" litamchanganya msomaji. Sisi twaona linafaa, mradi mara ya kwanza lielezwe, kwa kuwa Kiswahili kinalitumia tayari kwa kila kinachozuia neno la maana lisisikike. Mwalimu alisema picha yake ilikatika jioni. Jioni ndipo nyumba zote zinapowasha taa na vifaa vyao, na kiungio chake kilichooza kiliacha pengo katika kinga ya waya ambamo kelele ziliingia.

Poromoko

Ipo sifa moja ya dijitali ambayo isipoelezwa, maelekezo mengine yote hayataeleweka. Katika analojia picha iliharibika taratibu, na mtazamaji alionywa mapema. Katika dijitali king'amuzi hurekebisha makosa ya tarakimu kwa hesabu zilizopangwa tangu mnarani, na kwa hiyo picha hubaki safi kabisa ingawa ishara inazidi kuchakaa. Inapofika kikomo ambapo makosa yamezidi uwezo wa marekebisho, picha huanguka mara moja. Baina ya picha safi na kioo cheusi pana hatua ndogo sana, na katika hatua hiyo ndogo ndimo huonekana vigae na kuganda.

Kwa hali hii tunapendekeza neno "poromoko". Mtu atembeaye juu ya uwanda ulio tambarare haoni tofauti akiwa mbali na ukingo au karibu nao, mpaka atakapokanyaga pasipo na ardhi. Faida ya neno hili ni kwamba linamfundisha mtumiaji kutoiamini picha safi. Nyumba inayopokea picha safi leo yaweza kuwa imesimama hatua moja tu kutoka ukingoni, na mti mmoja ukichipua majani mapya au waya ukiingia maji kidogo, picha itaporomoka. Mwenye nyumba atashangaa na kusema kwamba mtambo umebadilishwa. Kwa sababu hiyo, afungaye antena asitazame picha peke yake. Atazame mstari wa ubora, aupandishe kadiri inavyowezekana, ili abakiwe na akiba.

Antena na sehemu zake

Antena ambayo wengi wetu tunaiona juu ya mapaa, yenye vijiti vilivyopangwa kama mifupa ya samaki, ilibuniwa Japani mwaka 1926 na Shintaro Uda pamoja na Hidetsugu Yagi. Ina sehemu tatu. Kijiti kinachounganishwa na waya ndicho kinachopokea, nasi tunakiita "kipokezi". Nyuma yake kipo kijiti kirefu zaidi, au wavu, unaorudisha mawimbi mbele. Huo tunauita "kiakisi", kutokana na kitenzi "akisi". Mbele yake vipo vijiti vifupi vinavyoyaongoza mawimbi kuelekea kwenye kipokezi. Hivyo tunaviita "vielekezi". Majina haya yana kazi ya vitendo. Maelekezo yanaposema "elekeza antena mnarani" bila kutaja upande, wako watu wanaoelekeza kiakisi, maana ndicho kikubwa na kinafanana na sikio. Mfasiri aseme: "Ncha yenye vielekezi vifupi itazame mnara."

Hali kadhalika vijiti vyaweza kulala sambamba na ardhi au kusimama wima, kwa kufuata jinsi mawimbi yanavyorushwa na mnara unaohusika. Tunapendekeza "mkao wa mlalo" na "mkao wa wima". Antena iliyoelekezwa sawa lakini ikawa na mkao usiofaa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu, na fundi asiye na neno la jambo hili huizungusha kushoto na kulia mchana kutwa bila mafanikio.

Urefu wa kipokezi hufuata urefu wa wimbi, takriban nusu yake. Kwenye megahezi 200, ambayo ni katika eneo la VHF, nusu ya wimbi ni sentimita 75. Kwenye megahezi 600, katika eneo la UHF, ni sentimita 25. Hapa yafaa tuseme neno juu ya istilahi ya madukani, "antena ya dijitali". Istilahi hii ni ya kupotosha. Kijiti cha alumini hakijui kama wimbi limebeba tarakimu au la. Hujua urefu wa wimbi tu. Matangazo ya dijitali ya Tanzania na Kenya hutumia zaidi eneo la UHF, na mtu aliye na antena nzima ya UHF ya zamani za analojia hana sababu ya kuitupa. Kinachohitajika ni king'amuzi, au televisheni yenye king'amuzi ndani yake. Mtumishi wa serikali anayeandika tangazo kwa umma aandike "antena ya UHF", na hapo atakuwa amewaokoa wananchi na gharama isiyo ya lazima.

Masafa na umbali

Neno "masafa" limebeba maana mbili. Tangu awali maana yake ni mwendo baina ya mahali na mahali. Kwa njia ya redio likapata maana ya mtetemo wa mawimbi kwa sekunde, nasi tunasema kituo fulani kinasikika katika masafa fulani. Maana zote mbili ni halali, lakini zinapokutana katika karatasi moja ya ufundi huleta utata. Tumewahi kusoma sentensi hii: "Antena hii inafaa kwa masafa ya juu." Je, inafaa kwa nyumba iliyo mbali na mnara, au kwa megahezi nyingi? Tunashauri katika maandishi ya utangazaji "masafa" litumike kwa mtetemo peke yake, na mwendo uitwe "umbali".

Tukisha kutenga maneno hayo tutaweza pia kuyapima madai yanayoandikwa kwenye katoni. Mawimbi ya televisheni husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na dunia ni duara. Kwenye nchi tambarare, mnara wenye kimo cha mita 100 hufikisha mawimbi yake kwenye upeo wa kilometa 41 hivi. Antena iliyoinuliwa mita 9 huongeza kilometa 12, na jumla yake ni kilometa 53. Katoni inayoahidi umbali wa kilometa 200 haiwezi kuiondoa dunia iliyo katikati. Katika hali hiyo, kuinua mlingoti kunasaidia kuliko kununua antena yenye ahadi kubwa, na mnara uliojengwa juu ya mlima ndio unaofika mbali.

Waya, kigawanyi na kikuza mawimbi

Waya wa antena una kiini cha shaba katikati, utando unaokihami, na wavu wa metali unaouzunguka, ambao ndio kinga dhidi ya kelele. Wavu huo tunauita "kinga ya waya". Waya wa kawaida wa ohmu 75 wenye urefu wa mita 20 hupoteza takriban nusu ya nguvu ya mawimbi ya UHF kabla hayajafika kwenye king'amuzi. Kifaa kinachogawa mawimbi kwa televisheni mbili, ambacho tunakiita "kigawanyi", humpa kila mmoja chini ya nusu. Kwa hiyo nyumba iliyofunga kigawanyi kwa ajili ya chumba cha pili, kisha picha zikaanza kuganda katika vyumba vyote, haijaharibikiwa na antena. Imegawa kilichokuwa kinatosha mmoja.

Mwambaoni adui mkubwa ni chumvi ya bahari. Huingia katika kiungio, ikala wavu na kuigeuza shaba kuwa ya kijani. Kiungio hicho hutazamika kizima kwa nje. Ni vema maelekezo yaseme waziwazi kwamba kiungio kifunguliwe na kutazamwa ndani, na waya ulioliwa ukatwe mpaka ipatikane shaba inayong'aa.

Sasa tumefika kwenye busta. Neno hili la kukopa limekwisha kuenea, wala hatutaki kulifukuza katika mazungumzo. Kwa maandishi rasmi tunapendekeza "kikuza mawimbi", kwa mfano wa "kipaza sauti", na mfano huo una mafunzo yake. Kipaza sauti kikiwekwa katikati ya soko hupaza sauti ya msemaji na sauti za soko zima. Vivyo hivyo kikuza mawimbi hukuza ishara na kelele kwa pamoja, tena huongeza kelele zake chenyewe. Kinafaa pale ambapo ishara ni safi lakini itadhoofishwa na waya mrefu, nacho kifungwe juu, karibu na antena, kabla ya udhaifu kuingia. Kikifungwa nyuma ya televisheni hukuza kile ambacho tayari kimeharibika. Na mahali palipo karibu na mnara hukipa king'amuzi nguvu kisichoweza kuihimili. Hali hiyo tunaiita "kuzidiwa", na ndiyo iliyompata mwalimu wetu.

Shehena, kifurushi na mvua

Katika dijitali vituo kadhaa hubebwa katika masafa mamoja. Mkusanyo huo unahitaji jina, na wafasiri wengi hukimbilia "kifurushi". Tunawasihi wasifanye hivyo. Kwa mwananchi, kifurushi ni kile anacholipia kwa mwezi. Karatasi ikisema "kifurushi kimepotea", mtu atakwenda kulipa mara ya pili. Tunapendekeza "shehena", kwa mfano wa jahazi lililopakia mizigo ya wafanyabiashara mbalimbali: likikwama, wote hukosa kwa pamoja. Neno hili humsaidia mtafutaji wa hitilafu. Vituo vya shehena moja vikitoweka pamoja na vya shehena nyingine vikabaki, antena haijaanguka. Kuna tatizo katika masafa yale. Kituo kimoja tu kikikataa kuonyesha na vingine vya shehena ile ile ni vizima, basi mtu aulize habari za malipo au za kituo chenyewe, asipande paani.

Utata mwingine unatokana na neno "king'amuzi" lenyewe, ambalo wengine huliita "kisimbuzi". Vyote viwili vinafaa, mradi mwandishi achague kimoja. Lakini viko vya antena na viko vya dishi, na tofauti hiyo isiachwe. Mawimbi ya dishi hutoka katika setilaiti iliyo umbali wa kilometa 36,000 hivi, kwa masafa ya juu sana ambayo matone ya mvua huyadhoofisha. Mvua kubwa ikikata picha ya dishi, dawa yake mara nyingi ni subira. Mawimbi ya UHF hayadhoofishwi sana na mvua. Picha ya antena ikikatika wakati wa mvua, na hasa ikiendelea kukatika mvua ikisha kupusa, mwenye nyumba ashuku maji yaliyoingia katika waya. Sentensi isemayo "mvua huathiri mapokezi" ni kweli kwa nusu, na nusu hiyo yaweza kumfanya mtu avumilie waya uliooza kwa mwaka mzima.

Utaratibu wa kutafuta hitilafu

Baada ya kuyapanga maneno, utaratibu wenyewe unakuwa mfupi. Tunauweka hapa ili wafasiri na walimu wautumie kama kielelezo.

1. Uliza jirani anayepokea kutoka mnara ule ule. Naye akiwa hana picha, hitilafu huenda ni ya mtambo. Usiguse kitu.
2. Tambua unachokiona: vigae, kuganda, kukatika, au tangazo la kuisha kwa kifurushi.
3. Tazama mistari miwili. Iandike nguvu ya mawimbi na ubora wa ishara kabla ya kubadili jambo lolote.
4. Nguvu ikiwa ndogo na ubora mdogo, kagua mwelekeo wa antena, mkao wake, kimo chake, kigawanyi na waya.
5. Nguvu ikiwa kubwa na ubora mdogo, ondoa kikuza mawimbi kama kipo, kagua viungio na kinga ya waya, zima taa na vifaa kimoja kimoja, kisha jaribu kusogeza antena, kwani yaweza kuwa inapokea mawimbi yaliyogonga jengo.
6. Vyote viwili vikiwa vikubwa na kituo hakionekani, amuru king'amuzi kitafute vituo upya; huenda kituo kimehamishiwa masafa mengine.
7. Badili jambo moja kwa wakati mmoja, na usubiri sekunde kadhaa kila ugeuzapo antena, maana king'amuzi huchelewa kushika ishara.
8. Usipande paani wakati wa radi, wala usisimamishe mlingoti karibu na nyaya za umeme.

Istilahi zinazopendekezwa

Ishara: ujumbe wa picha na sauti uliobebwa na mawimbi.
Kelele: nishati isiyotakiwa inayochanganyika na ishara.
Kiakisi: sehemu ya nyuma ya antena inayorudisha mawimbi mbele.
Kielekezi: kijiti cha mbele kinachoongoza mawimbi kwenye kipokezi.
Kigawanyi: kifaa kinachogawa mawimbi kwa televisheni zaidi ya moja.
Kikuza mawimbi: kifaa kinachoongeza nguvu ya mawimbi, busta.
Kinga ya waya: wavu wa metali unaozuia kelele kuingia katika waya.
Kipokezi: kijiti cha antena kinachounganishwa na waya.
Kuzidiwa: hali ya king'amuzi kupewa nguvu kupita uwezo wake.
Masafa: idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde.
Nguvu ya mawimbi: kiasi cha nishati kinachofika kwenye king'amuzi.
Poromoko: kuanguka kwa ghafla kwa picha ya dijitali ishara inapovuka kikomo.
Shehena: vituo kadhaa vinavyobebwa katika masafa mamoja.
Ubora wa ishara: kiasi ambacho ujumbe umefika bila kuharibika.
Vigae: miraba inayotokea pichani ishara inapokuwa ukingoni.

Hatudai kwamba orodha hii ni ya mwisho. Baadhi ya maneno yake, kama "kuganda" na "chenga", tumeyapokea kwa watu. Mengine, kama "poromoko" na "shehena", tunayatoa ili yajaribiwe. Neno litakalokataliwa na mafundi na watazamaji halitaokolewa na muhuri wetu. Tunawaomba wafasiri, walimu wa sayansi na watumishi wanaopokea malalamiko ya wananchi watuandikie ni maneno gani wanayoyasikia huko waliko, hasa Zanzibar na mwambao wa Kenya, ambako televisheni ilitangulia.

Karatasi ile ya maelezo tuliirudisha kwa mfasiri, naye aliipokea kwa moyo mwema. Sentensi iliyomponza mwalimu sasa inasomeka hivi: "Nguvu ya mawimbi ikiwa kubwa na ubora wa ishara ukiwa mdogo, usiongeze kikuza mawimbi. Kagua kwanza viungio na waya." Nakala yake tulimpelekea mwalimu pamoja na jibu la swali lake.